Fidla ya Saa Saba

Shati la yule karani wa bandarini nililiunguza mimi, sikatai. Lakini aliyeniunguzisha ni redio.

Nafua na kupiga pasi nguo za watu hapa Makorora, mwaka wa kumi na tisa sasa, na kazi hii haiendi bila redio. Siku ile nilikuwa nimeanza kola, saa saba kamili mchana, nikasikia fidla. Fidla ile naijua kama ninavyojua kikohozi cha mwanangu. Mara piano ikaingia chini yake, taratibu, na anayeipiga piano hiyo ni Precious, binti yangu wa kumzaa. Nikasimama na pasi mkononi nikasema, "Asante Mungu, wameipiga!" Nikageuka niwaite majirani. Ndipo sauti ya mtangazaji ikapanda juu ya fidla, nzito, kama ya mtu aliyemeza dawa chungu: "Bwana Ayubu wa Mwera, Pangani, anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mzazi, kilichotokea leo alfajiri..."

Fidla ikaendelea kulia chini kwa chini mpaka maiti watatu wakamalizika kutajwa, kisha ikakatwa katikati, kama mtu anavyozima bomba la maji. Nilipotazama chini, pasi ilikuwa imeshalala kwenye kola.

Ili mjue kwa nini nilikasirika kiasi kile, lazima mumjue aliyekuwa akipiga fidla hiyo.

Mzee Miraji Uweso ni jirani yetu, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alizaliwa Kigombe, baba yake alikuwa mkwezi wa minazi. Alikuja mjini akiwa na miaka kumi na minne kujifunza useremala. Fundi aliyemfundisha kushika randa alikuwa pia mpiga fidla wa kikundi cha taarabu, kwa hiyo kazi ikiisha randa inawekwa chini, fidla inachukuliwa. Miraji akajifunza vyote viwili kwa mtu mmoja na kwenye chumba kimoja. Amepiga fidla miaka zaidi ya arobaini, harusi za hapa mjini, za Pangani, za Muheza, mpaka ng'ambo ya mpaka. Kikundi chao kilirekodi santuri, baadaye kanda. Anazo kanda nne ndani ya kabati, amezifunga kwa kitambaa. Juu ya maganda yake kuna jina la kikundi na jina la mwimbaji. Jina lake halimo hata kwenye moja.

Siku moja aliniwekea kanda hizo nisikilize. Mwimbaji alipotua, akaninyooshea kidole.

"Hapa, Mama Precious. Hapa mwimbaji anapovuta pumzi. Anayejaza hapo ni mie."

"Na watu wanajua kuwa ni wewe?"

"Wanajua mwimbaji kavuta pumzi," akasema, akacheka. Lakini alicheka kwa mdomo tu, macho hayakucheka.

Precious yeye alijifunza piano usharikani. Ni piano ya zamani sana, waliiacha wamisionari, na vitufe viwili vya pembeni havitoi sauti hata uvipige kwa ngumi. Ndani ya kiti chake mlikuwa na vitabu vya nota, na kimoja kilikuwa cha fidla na piano pamoja. Ganda lake na ukurasa wa kwanza vimeliwa na mchwa, hata jina la aliyetunga halionekani. Precious alijua sehemu yake ya piano akabaki anaipiga peke yake kama mtu anayeongea na mtu asiyekuwepo. Mwisho akaenda kwa Mzee Miraji.

Mimi ni mama, nilifuatana naye. Msichana wa miaka ishirini na mbili, mzee wa sabini na tatu, dini tofauti, na mtaa wetu una midomo. Kila walipofanya mazoezi kanisani nilibeba nguo zangu za kukunja nikakaa kwenye benchi la nyuma. Bi Tausi, mke wa Mzee Miraji, alipojua alinicheka mbele ya watu kisimani.

"Ati wamlinda binti yako na mume wangu? Mama Precious, huyo tangu anioe amenitazama sawasawa mara mbili. Na hiyo mara ya pili nilikuwa nimeikalia fidla."

Nikaona haya, lakini niliendelea kukaa benchi la nyuma. Na ndipo nilipoona jinsi walivyofanya kazi. Mzee hasomi nota. Precious alikuwa anampigia sehemu ya fidla kwa piano, mstari mmoja mmoja. Mzee anasikiliza amefumba macho, kisha anaurudia. Ila mstari ukishaingia mkononi mwake unatoka na mitelezo yake ya taarabu.

"Babu, hapo hakuna kuteleza," Precious anasema.

"Pana kuteleza, mjukuu wangu. Aliyeandika alipungukiwa wino."

Miezi sita. Wimbo wenyewe unaanza polepole, kama mtu anayengoja mgeni mlangoni na mgeni haji. Unakwenda hivyo muda mrefu. Halafu unageuka. Piano inaruka, fidla inaifukuza, zinapishana, zinataniana, hata mimi niliyekuja kulinda nilijikuta natikisa mguu chini ya benchi. Mzee Miraji alikuwa akifika hapo anasema, "Haya, mgeni kafika!"

Castory, kijana anayerekodi kwaya yetu, alikuja Alhamisi moja na mitambo yake. Tulifunga madirisha, tukamsubiri muadhini amalize, halafu kunguru wakaanza kugombana juu ya bati na ikabidi Castory apande kuwafukuza kwa mawe. Mara ya tano ndiyo ilifaa. Mzee Miraji aliposikilizishwa aliomba kitu kimoja tu: jina lake liandikwe. Precious akaliandika, Miraji Uweso, fidla, na chini yake la kwake.

Ikasambazwa kwenye simu za watu. Sasa sikieni watu walivyoipokea.

Kwenye kundi la usharika wetu, mmoja akaandika: "Mbona hawaimbi?" Mwingine: "Nimengoja mwimbaji aanze mpaka ukaisha." Mwingine akauliza kama ni halali fidla ya harusi za taarabu kulia ndani ya nyumba ya Bwana, wakamjibu kumi na wanane, tisa huku, tisa kule. Barazani kwao Mzee Miraji wakamwambia amezeekea kanisani. Mwalimu mmoja wa muziki akaandika maneno marefu kuliko mahubiri, kwamba piano imejitahidi lakini fidla inateleza mahali ambapo Wazungu hawatelezi. Nilimwuliza Precious, huyo mwalimu fidla yake iko wapi tuisikie? Hana.

Precious alimsomea mzee maoni yote, moja moja. Mzee alikuwa anapiga randa mguu wa stuli. Yalipoisha akauliza, "Na jina langu wamelitaja?"

"Wameandika 'yule mzee', babu."

Akatikisa kichwa, akarudi kwenye stuli yake. Mimi nilikuwa namtazama. Mtu akitukanwa nafahamu anavyokaa. Huyu alikaa kama mtu aliyesubiri zamu yake hospitalini siku nzima, kisha dirisha likafungwa.

Ndiyo maana Precious akaipeleka redioni. Akaweka wimbo kwenye flashi, na karatasi yenye majina yote mawili, akamkabidhi kijana wa hapo anayeitwa Badru. "Tutaipiga, dada," akamwambia. Wiki tatu kimya. Halafu ndiyo hiyo saa saba.

Na haikuwa siku moja. Ikawa kila siku, saa saba mchana na saa kumi na mbili jioni, matangazo ya vifo, fidla ya Mzee Miraji chini ya majina ya marehemu. Wanatumia ule mwanzo wa polepole tu. Jina la aliyepiga halitajwi, linatajwa la maiti. Precious akifanya mazoezi kanisani, mpita njia anachungulia dirishani anauliza, "Leo kafa nani?" Anastazia wa kwaya alikuwa amewaalika wapige kwenye sherehe ya kumuaga kabla ya harusi yake. Shangazi yake akaja kwangu na kanga mabegani, amelainisha sauti.

"Mama Precious, usinielewe vibaya. Lakini wageni wakiisikia fidla ile wataanza kutafuta jeneza liko wapi."

Nilimwonyesha mlango. Ningemwonyesha na ndoo ya maji ya sabuni kama Precious asingenishika mkono.

 Mzee Miraji aliacha kupiga barazani. Fidla aliitundika ukutani akaifunika na kanga ya Bi Tausi. Nilipokwenda kumjulia hali akaniambia, "Yule aliyeutunga jina lake limeliwa na mchwa. Mie langu limeliwa na redio. Tumekuwa sawa." Bi Tausi, ambaye hanyamazi hata akiwa na tonge mdomoni, siku hiyo alinimiminia chai tu.

Nikavaa viatu nikaenda redioni mwenyewe.

"Shikamoo, mama," Badru akasema. Kijana mzuri, ana heshima, na hiyo ndiyo iliyoniudhi zaidi.

"Marahaba. Nani amewaruhusu kuugeuza wimbo wa mwanangu kuwa wa misiba?"

"Mama, wimbo ule ni mzuri mno kwa huzuni. Wafiwa wanausifu."

"Wafiwa wanamsifu nani? Aliyepiga mmemtaja?"

"Kwenye matangazo ya vifo hatutaji wapigaji, mama. Tunataja marehemu na wafiwa."

"Basi mtajeni kwenye kipindi kingine."

"Ratiba imejaa."

"Kwa hiyo hapa kwenu mtu akitaka jina lake lisikike afanyeje, afe?"

Badru akacheka, akaona mimi sicheki, akaacha. "Mama, jina lolote linasomwa kwenye matangazo. Unajaza fomu, unalipia."

Nikasema lete hiyo fomu.

Ilikuwa na mistari: jina la marehemu, wafiwa, mahali pa mazishi, ziwafikie akina nani. Neno marehemu nililikata kwa kalamu mpaka karatasi ikachanika kidogo. Kisha nikaandika kwa mpangilio ninaoujua, maana nimesikiliza matangazo hayo miaka kumi na tisa nikipiga pasi: "Bibi Dorkasi wa Makorora, Tanga, anawatangazia kwamba fidla mnayoisikia hapa kila siku imepigwa na Mzee Miraji Uweso, mzaliwa wa Kigombe, na piano imepigwa na Precious wa Makorora. Habari hizi ziwafikie ndugu zake wote wa Kigombe, wa Mwera na wa Pangani." Badru hakuisoma hata. Alipiga muhuri.

Kesho yake sikumwambia mtu. Nilitaka mzee asikie mwenyewe au aambiwe na jirani akikimbia. Saa saba niliweka pasi pembeni, nimeshajifunza. Tangazo langu lilikuwa la nne. Mtangazaji alilisoma kwa sauti ileile ya dawa chungu, lakini alilisoma lote, neno kwa neno, na fidla ikilia chini yake. Nilifuta machozi kwa shati la mtu.

Saa tisa na nusu pikapu ikasimama mbele ya nyumba ya Mzee Miraji. Nyuma yake wanawake kama kumi na tano, majamvi, masufuria mawili makubwa, gunia la mchele. Anayeshuka mbele amejifunga kanga kiunoni, analia kwa sauti ya kuvunja madirisha, ni Mwanamkasi, dada yake mdogo, kutoka Kigombe.

"Kaka yanguuu! Miraji! Umeniacha na nani!"

Mzee Miraji alikuwa upenuni na randa yake. Akainuka, maranda ya mbao yamejaa kwenye msuli. "Mwanamkasi! Kafa nani?"

Mwanamkasi akamtazama, akapiga ukelele mwingine tofauti na ule wa kwanza. "Wewe!"

Bi Tausi akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Kafa lini? Mbona mchana kala wali wangu na ukoko akaomba? Na kwa nini hamkupiga simu?"

"Tumepiga! Haipatikani! Tukasema umezirai!"

"Simu ipo kwa fundi, nizirai nini!"

Ikawa vurugu. Mpwa wao aitwaye Shekhe akafika nyuma kwa pikipiki, yeye alikuwa ameshapita makaburini kuulizia wachimbaji. Watu wa mtaa wakajaa. Na mtu akanionyesha kwa kidole. Mwanamkasi akanigeukia.

"Ndiwe Dorkasi? Ndiwe uliyetangaza?"

"Nilitangaza nini?" Na mimi nilipandisha, sikuwa mnyonge. "Katika maneno yangu umesikia neno kufa? Umesikia mazishi? Mnasikiliza kwa masikio au kwa visigino?"

"Nimesikia ile fidla. Nimesikia Miraji Uweso mzaliwa wa Kigombe. Nimesikia habari ziwafikie. Ulitaka nisikie nini zaidi?"

 Maneno hayo niliyaandika kwa mkono wangu, na hakuna asiyejua hapa kwetu kuwa hayasemwi ila kwa maiti. Nilikuwa nimemchukua mzee mzima mwenye afya nikamweka kwenye foleni ya marehemu, wa nne.

Mzee Miraji aliweka randa chini. "Kumbe hata jina langu likisomwa," akasema, "watu wanasikia sanda."

Hakunisemesha mimi. Ningependa angenisemesha, hata angenitukana.

Mwanamkasi alikuwa amekaa chini kwenye jamvi lililokunjwa, amechoka kwa kilio. "Na wewe kaka, lawama ni yako. Kwa nini ukapiga wimbo wa msiba?"

Hapo ndipo nilipomwona Mzee Miraji amekasirika, mara ya kwanza tangu nimjue. "Umeusikia wote?"

"Nausikia kila siku."

"Nakuuliza, umeusikia wote?" Hakungoja jibu. "Precious! Kalete kinanda cha kwaya. Na nyie mmekuja na majamvi, tandikeni. Mmekuja kwa ajili yangu, kaeni mnisikilize."

Precious akaleta kile kinanda cha umeme, tukavuta waya kupitia dirisha la Bi Tausi. Mzee akaivua fidla ile kanga, akakaza nyuzi, akaanza.

Mwanzo ulipotoka tu, wanawake walishika mashavu. Mwanamkasi akaanza kulia tena, akimtazama kaka yake anayepiga mbele ya macho yake, jasho linamtoka. Sikuamini. Lakini Mzee hakusimama. Alipita pale ambapo redio hukata. Akateleza pale ambapo Wazungu hawatelezi. Kisha wimbo ukageuka, Precious akaruka na kinanda, fidla ikamfukuza, na mzee akasema kwa sauti, "Haya, mgeni kafika!" Bi Tausi akapiga mwiko kwenye sufuria mara moja, akajishika. Mabega ya wanawake kwenye jamvi yakaanza kucheza yenyewe, machozi bado hayajakauka. Shekhe, aliyetoka makaburini, alikuwa anapiga makofi.

Wakamaliza. Mwanamkasi akafuta uso.

"Kumbe una mwisho?"

"Una mwisho," akasema Mzee Miraji.

"Na redioni?"

"Redioni wanaukata."

"Wanaukata!" Akasimama, amekasirika kuliko alipokuwa amefiwa. "Wamenikatia kaka yangu!"

Wali ulipikwa, maana mchele ulishafika na haukuwa wa kurudi nao. Na jioni ileile watu wa Kigombe wakaanza kupiga simu redioni. Mwanamkasi nasikia alipiga mara sita. Wanataka mwisho wa ule wimbo, na wanataka kujua kwa nini ndugu yao mzima anapigwa kila siku kama maiti bila kutajwa.

Siku ya tatu Badru akanipigia mimi.

"Shikamoo, mama. Mama, simu zimezidi. Ile flashi tulifuta, tulibakisha dakika mbili za mwanzo. Tunaomba nyingine."

"Ninayo."

"Nije kuichukua?"

"Jina kwanza. Na msiuweke tena kwenye vifo."

"Mama, jina tutasema."

"Kwa sauti gani? Ile ya dawa chungu siitaki."

Tukapatana Jumamosi saa tatu asubuhi, kwenye kipindi cha salamu. Flashi ilikwenda na Precious, na Precious aliambiwa akae palepale mpaka imerudi mkononi.

Jumamosi Mzee Miraji alivaa kanzu, akakaa kwenye kiti mbele ya redio yangu kama anayepigwa picha. Bi Tausi alikaa mlangoni. Badru akaingia kwa sauti ya kawaida, ya kijana aliyekunywa chai: "Fidla ya leo amepiga Mzee Miraji Uweso, fundi seremala wa Makorora, mzaliwa wa Kigombe, na kwa wale wanaouliza, yu hai."

"Ametukumbusha," akasema Bi Tausi. "Tulikuwa tumesahau."

 Mzee Miraji alikuwa ameinamia redio, mikono juu ya magoti, vidole vya kushoto vinakanyaga nyuzi zisizokuwepo. Wimbo ulikwenda wote, mpaka mwisho, na ulipokwisha alisema neno moja, "Alhamdulillahi," akaomba maji.

Mimi nilikuwa bado nimesimama, natega sikio. Badru alishahamia salamu za watu wa Muheza. Fidla amepiga Miraji Uweso, vizuri, nimeshukuru. Na piano? Piano ilijipiga? Msichana yuko hapohapo kwenye kiti chao, flashi mkononi, na jina lake nililiandika mimi kwenye fomu kwa herufi kubwa.

Nikamwaga makaa ya pasi, nikavaa viatu.